Begi la mgongoni si sare ya shule

Mama mmoja fundi cherehani wa Moshi ameshona sare za shule kwa zaidi ya miaka 15, na kanuni yake haijawahi kubadilika: pindo liachwe nene. Sketi ya kidato cha kwanza inaachiwa vidole vinne vya ziada kwa ndani, shati linapewa nafasi mabegani, na viatu vinanunuliwa namba moja mbele kisha vinasindikwa pamba. Mtoto atakua. Mzazi gani hajawahi kusema maneno hayo dukani?

Kwa kanuni hiyohiyo binti yake wa kidato cha tatu alinunuliwa begi la safari. Binti ni skauti, na mwalimu wao alikuwa ametoa orodha: mfuko wa kulalia, sweta, tochi, sahani, na begi la mgongoni litakalobeba vyote. Walipata moja kubwa la mtumba, la lita 75, kitambaa kizuri, zipu nzima. Lilimpita binti kichwa akilivaa, lakini baba yake alilipenda. Alisema atalitumia mpaka chuo.

Safari ya kwanza ilikuwa fupi, Februari, kutembea hadi Materuni kwenye maporomoko ya maji na kulala usiku mmoja kwenye hema. Binti alirudi Jumapili jioni, akasema safari ilikuwa nzuri, akaoga akalala. Jumatatu jioni alipokuwa anaosha vyombo sahani ilimponyoka. Halafu kikombe. Mama alipomwita karibu na kumuuliza, ndipo aliposema kwamba vidole viwili vya mkono wa kushoto vina ganzi tangu Jumamosi mchana. Alipovua sweta, mabegani kulikuwa na michirizi miwili ya zambarau, na upande mmoja ngozi ilikuwa imechubuka.

Siku mbili binti amekaa na ganzi ndani ya nyumba moja na wazazi wake bila kusema. Hilo ndilo lililomuumiza mama kuliko michubuko yenyewe.

Sababu ya kunyamaza haikuwa ngumu kuifahamu. Baba yake alikuwa mgumu, kama wapagazi wa Mlima Kilimanjaro wanavyoitwa mjini hapo. Kwa miaka mingi alipandisha mizigo ya wageni kwa njia ya Machame na ya Marangu, begi lake mwenyewe mgongoni na mzigo wa mgeni kichwani au shingoni. Siku hizi mzigo unapimwa kwenye mizani getini na kikomo kinachojulikana ni kilo 20 za mzigo wa mgeni. Yeye husimulia siku alizobeba kilo 30 na kitu, na watoto wamekua wakisikiliza hadithi hizo kama wengine wanavyosikiliza za sungura na fisi. Katika nyumba ya namna hiyo, binti wa miaka 16 aliyebeba begi la skauti siku mbili ataanzaje kusema bega linauma?

Walimpeleka hospitali. Daktari alieleza kwamba mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi hupita nyuma ya mtulinga, na mkanda wa begi ukikandamiza hapo kwa saa nyingi, mkono hupata ganzi au kukosa nguvu. Mara nyingi hali hiyo hupita yenyewe mtu akitua mzigo na kupumzika. Ya binti iliisha siku ya nne. Mzazi anayeona ganzi haiondoki, au mkono unalegea, asikae nyumbani kungoja.

Baada ya hapo begi likaondolewa mvunguni na kuwekwa mezani, likachunguzwa kama mgonjwa.

Mama alichukua futi yake ya fundi. Baba ndiye aliyejua pa kupima. Binti aliinamisha kichwa mpaka mfupa ule mkubwa wa chini ya shingo ukajitokeza, na hapo ndipo futi ilipoanzia. Kisha akashika kiuno kwa mikono miwili, viganja vikiwa juu ya mifupa ya nyonga na vidole gumba vikielekeana nyuma. Mstari unaounganisha vidole gumba hivyo ndio mwisho wa kipimo. Futi ilifuatishwa mgongoni, ikafuata bonde lake la asili bila kuvutwa. Sentimita 41.

Walipopima begi, kutoka mikanda ya mabegani ilipoungana na mgongo wa begi hadi katikati ya mkanda wa kiunoni, walipata 51.

Kwa fundi cherehani hiyo ilikuwa aibu ya kikazi. Anajua vizuri kuliko watu wengi kwamba wasichana wawili wanaweza kulingana urefu wakisimama, lakini mmoja akawa mrefu wa miguu na mwenzake mrefu wa kiwiliwili. Binti yake ni mrefu wa miguu. Ukimwona njiani utamkadiria mgongo wa mtu mzima, kumbe alionao ni mfupi. Begi halijali miguu, linakaa mgongoni tu.

Pindo nene la sketi halimdhuru mtoto, kibaya zaidi atachekwa. Begi lililozidi mgongo kwa sentimita 10 lina adhabu nyingine kabisa. Mkanda wa kiunoni, ambao kazi yake ni kukaa juu ya mifupa ya nyonga na kupokea sehemu kubwa ya uzito, unashuka mpaka kwenye makalio na mapaja. Ukishuka hapo haubebi kitu. Uzito wote unarudi mabegani, na mabega hayakuumbiwa kazi hiyo. Mtoto anainama mbele ili asivutwe nyuma, shingo inakaza, na saa ya tatu njiani vidole vinaanza kulala.

Baba alisikiliza haya yote akiwa amekunja mikono. Alikuwa na hoja yake kuhusu kichwa, nayo si ya kudharau. Mwaka 1986 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo walivyofanya kwa wanawake wa Kenya waliozoea kubeba mizigo kichwani au kwa kamba ya kwenye paji la uso, wakakuta kwamba mpaka kufikia asilimia 20 hivi ya uzito wa mwili, wanawake hao hawakutumia nguvu ya ziada kuliko wakitembea mikono mitupu. Mzigo uliokaa sawa juu ya uti wa mgongo unabebwa na mifupa. Lakini hao walikuwa wanawake waliobeba tangu utotoni, na walipimwa kwenye sehemu tambarare. Mtoto wa shule kwenye njia ya mawe na utelezi anahitaji mikono yake na anahitaji kugeuza shingo. Kwake mzigo uende kwenye nyonga.

Begi lilipakiwa upya kama lilivyokwenda Materuni na kupelekwa kwenye mizani ya duka la jirani. Kilo 13. Binti mwenyewe ana kilo 47.

Hesabu hiyo ilinyamazisha chumba. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri kwamba begi la shule lisizidi asilimia 10 hadi 20 ya uzito wa mtoto. Watembeaji wazoefu wa milimani nao hutumia asilimia 20 kama mpaka wa mtu mzima mwenye afya anapokwenda safari ya siku kadhaa. Kwa binti wa kilo 47, asilimia 20 ni kilo 9 na gramu 400. Yeye alibeba zaidi ya robo ya uzito wake, kwenye begi lisilo lake.

Nani aliujaza mzigo huo? Hapo mama alikaa kimya, kwa sababu kilo moja ya sukari na lita nzima ya mafuta ya kupikia vilikuwa vyake. Alivitia usiku ili binti asionekane ametoka kwao mikono mitupu. Akina mama wengi wanafunga upendo kwa kilo. Kulikuwa pia na suruali ya jinzi, ambayo ni nzito ikiwa kavu na ni nzito mara mbili ikilowa, tena haikauki mlimani. Kulikuwa na kitabu cha biolojia kilichokwenda Materuni na kurudi bila kufunguliwa. Na begi lenyewe, tupu, lilikaribia kilo 3.

Safari ya pili ilikuwa imepangwa Juni, siku tatu, kutoka Lushoto kupitia msitu wa Magamba na Rangwi hadi Mtae. Usambara mwezi huo ni baridi, kwa hiyo sweta haliepukiki. Begi lilihitajika, na lile la lita 75 liliuzwa kwa kijana mmoja mrefu wa mtaani ambaye lilimkaa kama alizaliwa nalo.

Jumamosi moja watatu hao walikwenda soko la Memorial. Wenye kulijua soko hilo wanajua mtumba wake: milima ya jinzi, majaketi ya baridi, viatu vya kupandia, na hapa na pale mabegi ya safari yaliyoning'inizwa kwa kamba. Baba alikwenda moja kwa moja kwenye mabegi. Mama alitoa futi kabla ya kuuliza bei, jambo lililowachekesha wauzaji, wakaacha kucheka alipoanza kuyakataa moja baada ya jingine.

La kwanza lilikuwa na mkanda wa kiunoni mwembamba kama wa suruali. Huo hauwezi kubeba uzito, unazuia begi lisichezecheze tu. La pili alibonyeza sponji ya mkanda kwa kidole gumba na shimo likabaki palepale: sponji imekufa. La tatu lilikuwa zuri kwa nje, lakini alipoingiza mkono ndani kitambaa kilinata na kutoa harufu kali. Ule utando wa kuzuia maji ukishaanza kunata umeoza, na hakuna sabuni ya kuurudisha. La nne nyuzi zilikuwa zimeanza kufumuka pale mkanda wa bega unaposhikana na mgongo wa begi. Hapo ndipo begi linapokatikia siku zote, na linakatika mtu akiwa mbali na nyumbani.

La tano lilikuwa la lita 50, rangi ya kijani iliyochujuka kwa jua. Nyuma, chini ya sponji ya mgongo, mikanda ya mabegani ilikuwa imeshikizwa kwenye kitu kama ngazi, hivyo ingeweza kupandishwa au kushushwa hatua kwa hatua. Mama alilishika kwa muda mrefu. Lilikuwa ndilo begi pekee pale sokoni lililokuwa na pindo nene. Leo lingewekwa sentimita 41, mwakani 43, na kila mara lingekuwa saizi ya mvaaji. Mzazi anayetaka begi litakalodumu miaka atafute hilo, asitafute kubwa.

Lakini begi tupu linamkaa kila mtu vizuri. Baba alimwomba muuzaji wa jinzi wa pembeni amwazime mzigo, wakazikunja suruali na kuzishindilia ndani. Akalinyanyua kwa mkono mmoja, akasema hizo hazipungui kilo 8. Hakuna aliyebisha.

Kisha akamfundisha binti kulivaa kwa utaratibu ambao yeye mwenyewe aliujua kwa kuwatazama wageni miaka yote ile. Legeza mikanda yote kwanza. Livae, inua mabega, funga mkanda wa kiunoni, katikati ya sponji yake ikae juu ya ncha ya mfupa wa nyonga. Shusha mabega. Sasa vuta mikanda ya mabegani mpaka iguse mwili mbele, juu na nyuma bila kuacha upenyo, lakini isibebe. Ile mikanda midogo inayotoka juu ya bega kwenda kwenye begi ivutwe kidogo, ipande kama mteremko wa paa, ili begi lisianguke nyuma. Mwisho mkanda wa kifuani, chini kidogo ya mtulinga, usibane pumzi. Ukiweza kupitisha vidole viwili chini ya mkanda wa bega bila kusukuma, nyonga ndiyo inayobeba.

Binti alizunguka soko na jinzi za watu mgongoni kwa robo saa. Mama alimfuata nyuma akitazama kama bega moja linashuka. Muuzaji alikuwa na wasiwasi na suruali zake, akawafuata pia.

Kulikuwa na kasoro moja. Kiuno cha binti ni chembamba, na mkanda ulipovutwa mpaka mwisho bado ulicheza. Walilinunua hivyohivyo kwa shilingi 45,000. Nyumbani mama alijaribu kupunguza mkanda kwa cherehani, sindano mbili zikavunjika kwa unene wa utepe. Alimaliza kwa mkono, kwa msumari wa kushonea na uzi wa nailoni uliopakwa nta alioazima kwa fundi viatu, akiacha kipande cha ziada kimekunjwa ndani. Siku kiuno kikinenepa kitafumuliwa.

Usiku ule baba alisema jambo ambalo hakuwahi kulisema. Kila mtu nyumbani alijua kwamba anashika kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto, na waliona ni mazoea yake tu. Alimwambia binti kwamba mkono wa kulia hufa ganzi usiku na hauaminiki na chai ya moto, na kwamba shingo yake haijageuka sawasawa tangu miaka ya mwisho ya kupanda. Kama ni kilo 30 zilizofanya hivyo au ni umri, hilo hakulidai. Alisema tu kwamba hadithi za kilo 30 husimuliwa bila kipande hicho. Mlimani, alisema, mtu anayeumwa anasema mapema, bado watu wapo kambini. Anayenyamaza ndiye anayekuja kubebwa.

Binti alimuuliza kwa nini hakusema siku zote hizo. Baba alijibu kwamba mgumu akisema anaumwa, safari ijayo jina lake haliitwi, na nyumbani kulikuwa na ada.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa za mazoezi. Jumamosi ya kwanza alitembea na kilo 5, ya pili 7, ya tatu mzigo kamili. Sukari na mafuta vilibaki jikoni, jinzi ikabaki kabatini, biolojia ikapewa likizo. Mizani ya duka ilisema kilo 8 na nusu, begi likiwemo. Mfuko wa kulalia ulikaa chini kabisa kwa sababu ni mwepesi na hauhitajiki mchana. Chakula na maji, ambavyo ndivyo vizito, vilibanwa karibu na mgongo usawa wa katikati, si chini vinakovuta na si nje vinakoyumbisha. Nguo zilijazwa pembeni kuvizuia. Ndani ya begi lote ulitangulia mfuko mkubwa wa nailoni uliotoka kwenye salfeti ya sukari, umeoshwa, kwa sababu mvua ya Usambara haiombi ruhusa.

Habari zikafika kwa wenzake. Siku nne kabla ya safari mama alikuwa na watoto tisa wamepanga mstari barazani wakiwa na mabegi yao, na alipima wote. Katika daftari la wateja, ambako kuna kifua, kiuno na nyonga, aliongeza mstari wa nne akaandika mgongo. Watano walikuwa na mabegi yaliyowazidi. Wawili kati yao walibadilishana na wenzao na tatizo likaisha. Wengine wawili waliongezewa sponji ya godoro kuukuu kwenye mkanda. Mvulana mmoja wa kilo 38 alikuwa amekuja na begi la kaka yake aliyeko jeshini, na hakuna kilichowezekana. Kwao hawakuwa na fedha ya jingine. Mwalimu alipopigiwa simu aliamua vitu vya mvulana huyo vigawanywe kwa wakubwa, naye abebe mkate na sanduku la dawa.

Kutoka Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni mwa milima juu ya tambarare za Mkomazi, binti alipiga simu mtandao ukikatika. Mabegani hakuna kitu, vidole vizima. Nyonga zimekuwa nyekundu kidogo, kwa kuwa hazijazoea, na anataka sponji ya mkanda iongezwe upande wa kulia. Na mvulana wa mkate amefika wa kwanza siku zote tatu.

Mama alisema sponji ataiongeza, ila begi lifuliwe kwanza, kwa mkono, maji ya baridi na sabuni kidogo, bila jiki, likaukie kivulini. Matope ya Rangwi hatayashona.